Msemaji wa Uzioni

Hakuwa mwalimu wala kocha, na hakuna aliyemwajiri. Alijiteua mwenyewe. Siku moja ya baridi, mwanzo wa msimu, timu yetu ya shule ilikuwa inapasha misuli mbele ya mtazamaji mmoja na mbwa wake. Mzee mrefu mwenye koti la kiwandani akaja kusimama nje ya uzio, akasafisha koo, akatangaza kwa Kiswahili kwamba wageni wetu wamepotea njia, na kwamba huku hakuji mtu bila kuaga kwao vizuri. Timu ngeni haikuelewa kitu. Sisi tuliokuwa tunakijua Kiswahili, mimi na Nassoro na ndugu wawili Wakongo, tuliangalia viatu vyetu. Kisha Mkongo mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Kuanzia siku hiyo tukamwita Msemaji, kama wanavyoitwa wasemaji wa vilabu vya kwao Tanzania, wale ambao kazi yao ni kutamba redioni kabla ya mechi na kutafuta visingizio baada yake.

Nassoro, kapteni wetu na namba kumi, alikuwa mwanawe. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo Msemaji ataonekana mchekeshaji, na hakuwa mchekeshaji. Baba na mwana walikuwa hawasemeshani tangu Nassoro yuko shule ya msingi. Mama Nassoro, aliyeachana na Msemaji na anayefanya kazi ya kutunza wazee, alimpa ruhusa ya kuja kwenye mechi kwa sharti: asivuke uzio, na asimsemeshe mtoto mpaka mtoto mwenyewe aanze. Msemaji alikubali. Ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa Nassoro shuleni. Msimu ukiisha, hapangekuwa tena na uzio wa kusimama. Kwa hiyo alikuja kila mechi na maneno ya kutosha mtaa mzima, akawamwagia watu wote, huku akimsubiri mtu mmoja aje pale alipo aseme hata neno moja.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto. Uzio wa upande wa barabara ulikuwa kushoto kwetu katika kipindi cha kwanza, kwa hiyo kwa nusu ya kila mechi nilikuwa naye sikioni, na nusu ya pili nilimsikia kwa mbali kama redio ya jirani. Alitembea nje ya waya sambamba na mimi, nikipanda anapanda, nikirudi anarudi. Winga wa timu ngeni akipokea mpira, Msemaji alimpa pole. Alimwuliza kama viatu vile vizuri ni vya kwake au vya dada yake. Alimwambia kwao wameshapika, arudi, chakula kinapoa. Yule winga hakuelewa, lakini alijua anasemwa, na mguu wake ulikuwa mzito. Halafu Msemaji alishusha sauti, akaniambia mimi, bila utani wowote, nisogee ndani kidogo, nisimwangalie mtu usoni, nimwangalie kiunoni, kwa sababu uso unadanganya na kiuno hakijui kudanganya.

Alitupa majina. Beki wetu wa kati, Sione, mtoto wa Kisamoa mwenye mabega kama kabati, alimwita Kontena. Kipa wetu, mtoto wa Kilebanoni, alimwita Nyavu Kavu. Mimi aliniita Mlango wa Chuma. Nilikuwa nimekuja nchi hii na elimu ya msingi ya kambi ya wakimbizi, Kigoma, na katika shule ile kubwa nilikuwa nimemaliza karibu mwaka bila mtu kuniita jina lolote, kwa sababu nilikuwa nafika kimya na kuondoka kimya. Baada ya mechi chache, watoto nisiowajua walikuwa wananigonga bega kwenye korido wakisema, "Mlango," kwa lafudhi za kila aina. Msichana mmoja Mwafghani aliniuliza maana yake kwa Kiingereza. Nilipomwambia alicheka, lakini si vibaya, na akaniambia nikae nao wakati wa kula.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huku hushonewa jaketi, na kila mmoja huandikisha mgongoni jina la utani alilopewa na wenzake. Mwaka ule migongo ya timu yetu ilisomeka Kiswahili. Sione aliandika KONTENA kwa herufi kubwa kama ya bandarini kweli. Msemaji alizunguka nje ya uzio akizisoma moja baada ya nyingine, mdomo wazi kama mtu anayesoma jina lake kwenye gazeti. Kisha akaniita pembeni.

"Namba kumi ameandika nini?"

Nikamwambia hakuandika kitu. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

Msemaji alikubali kwa kichwa. Alikuwa hajampa jina. Alimtaja kwa namba tu, na hata akifunga goli la ajabu alisema namba kumi amefanya kazi yake, basi, kisha akahamia kumsifu aliyetoa pasi. Nilikuwa nadhani ni sharti la mama. Siku ile akaniambia hapana, hilo ni sharti lake mwenyewe. Alishawahi kumtania mtoto yule mbele ya watu, na hatarudia mpaka apewe ruhusa. Jina analo, akasema, analo siku nyingi, limekaa. Hakuniambia ni jina gani.

Kabla yake shule yetu ilikuwa shule ya ragbi. Iko Granville, kitongoji kimoja cha jiji, karibu na reli, na mechi za ragbi zilijaza wazazi na matarumbeta, wakati sisi wa mpira wa miguu tulichezea uwanja wa nyuma wenye tope golini. Kulikuwa na wiki ya rangi, ambapo kila mtu hupaka uso rangi za shule, damu ya mzee na njano, na walimu huchoma soseji na vitunguu, za halali kwenye jiko lake na zisizo za halali kwenye jiko lake, na sherehe hiyo haikuwahi kutuhusu. Msemaji ndiye aliyewaleta watu nyuma. Alianza na watoto wa Kiafrika wanaokielewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Wao wakawaleta rafiki zao. Aliwafundisha kitu kimoja tu. Yeye aliuliza, "Nani anaogopa?" na wao walijibu, "Hayupo." Sijui kwa nini lilikuwa na nguvu vile. Walebanoni, Wasamoa, Wanepali, Waafghani, wasichana wenye hijabu na wavulana wenye nywele za njano, wote wakiinama kwenye waya na kusema kwa sauti nzito, bila haraka, hayupo. Wavulana ambao kwenye mabasi walikuwa wanapigana walisimama bega kwa bega kulisema. Mwalimu wa hesabu alilisema. Timu ngeni ilishuka kwenye basi lake, ikalisikia, na ilikuwa kama imeshafungwa goli moja.

Nassoro hakuwahi kugeuka. Watu wote walipoinua vichwa kwa kicheko, yeye alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilimwuliza mara moja kama haoni fahari. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba kila mtu anampenda baba yake isipokuwa watu waliowahi kuishi naye. Halafu akaniambia nisimwulize tena, na hakusema kwa hasira.

Nilichokuja kugundua ni kwamba ule mdomo ulikuwa wa uwanjani tu. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, kile kile cha Msemaji. Nilipomsimulia habari za Msemaji alidhani nasema mtu mwingine. Nikamweleza, mrefu, kofia ya kitambaa, unga kwenye nyusi. Mjomba akacheka sana. "Yule wa kwenye tanuri? Sisi tunamwita Bubu." Akasema miaka yote hajamsikia zaidi ya salamu. Anakula peke yake, amegeukia ukuta. Nikaanza kumwangalia vizuri. Kwenye treni alikuwa mtu wa dirishani. Dukani Auburn alionyesha kitu kwa kidole na kulipa. Msikitini, kwa waliomwona, aliingia nyuma na kutoka kabla ya watu kuanza kusalimiana. Alikuwa kama mtu anayeweka akiba ya maji kwa ajili ya siku moja ya wiki.

Alikuja kwenye mechi hajalala, ametoka zamu, na mfuko wa mikate ambayo haikutoka na umbo zuri. Aliwagawia watu wote, na waliofungwa aliwapa kwanza. Alikuwa na adabu zake. Hakumtukania mtu mama. Hakumgusa mtoto mwenye kigugumizi au mnene. Tukifungwa, alizunguka uwanja wote kwa nje kwenda kuwapa mikono wazazi wa upande ule, kisha akarudi kutueleza kwamba refa alikuwa na jua machoni, mvua ikiwa inanyesha.

Hadithi ya nyumba yake alinisimulia yeye mwenyewe kwenye treni, kati ya Granville na Auburn, na kwa sababu stesheni hazipo mbali aliisimulia kwa ufupi. Walikuwa wageni nchini. Nassoro, kwa ugeni na baridi, alianza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa tayari. Ikaja Idi, watu wetu wakakodi ukumbi, na Msemaji akapewa kipaza sauti awe mshereheshaji, kwa kuwa kila mtu anajua mdomo wake. Ukumbi ulikuwa umepoa. Akawatania wazee, wakacheka. Akamtania mkewe kuhusu pilau, wakacheka zaidi. Akatafuta kingine cha kuwapa, akawapa kile cha mtoto. Alisema nyumbani kwake hawahitaji kwenda ufukweni, bahari inakuja yenyewe kila asubuhi. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Nassoro alikuwa amekaa meza ya watoto wa shule yake.

"Neno ni kama unga," akaniambia. "Likishaumuka, huwezi kulirudisha liwe unga."

Tangu siku hiyo mtoto hakumjibu tena. Alipitisha miaka miwili katika nyumba moja na baba yake bila kumjibu. Mama alivumilia, kisha akaona nyumba haiwezi kukaa na watu wawili wa namna ile, akaomba talaka, akahama na mtoto. Mama Nassoro mwenyewe aliwahi kuniambia, nilipokwenda kwao, kwamba hakumkataza mtoto. Alisema, "Mimi nilifunga mlango wangu. Wake alikuwa keshaufunga zamani."

Sasa lazima niseme kuhusu utani, kwa sababu ndio uliomaliza kila kitu. Kwao Msemaji kuna makabila ambayo ni watani. Mtu akifiwa, watani wake huja. Wenye msiba wanalia, watani wanachekesha. Humwigiza marehemu jinsi alivyotembea, alivyokohoa, alivyodai chenji dukani. Wengine huingia kaburini wakalala, wakagoma kutoka mpaka wabembelezwe. Hakuna anayekasirika, na mtani ambaye hakuja ndiye aliyekosa adabu. Msemaji aliniambia alipomzika baba yake hakuweza kulia wala kula, mpaka mtani mmoja, mwanamke mzee, alipolala juu ya mkeka wa marehemu na kudai chai. Alicheka, kisha akalia, kisha akala. Tulikuwa tumeshazoea kumsikia akisema timu bila tambo ni msiba bila watani. Tulidhani ni usemi.

Shule ya kilimani, ng'ambo ya reli, alikuwa anaiita watani wetu wa jadi. Walitufunga kila mwaka. Waliposhinda walipiga honi za magari wakipita mbele ya lango letu. Alikuwa anawapenda kwa namna yake, na maneno yake mazuri kabisa aliyaweka kwa ajili yao. Mwaka ule tulipangiwa nao nusu fainali, kwetu. Siku chache kabla ya mechi, mwanafunzi wao mmoja alifariki kwa ajali ya gari. Hakuwa mchezaji. Alikuwa msichana aliyepiga ngoma kwenye kundi lao la mashabiki. Mechi ilisogezwa mbele kidogo, kisha wazazi wake wenyewe wakaomba ichezwe.

Shuleni kwetu tuliambiwa kwenye mkusanyiko kwamba hakutakuwa na nyuso za rangi wala vishindo. Tutasimama kimya kabla ya filimbi. Msemaji hakuwa kwenye mkusanyiko ule. Lakini alijua kuhusu kifo. Mtu mwingine angejua akakaa nyumbani. Yeye alijua, na ndiyo sababu alikuja.

Alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Nyuma yake watoto wanne wa mwaka wa chini, ambao wangemfuata popote, walikuwa wamebeba begani jeneza la maboksi ya mikate. Alikuwa amelipaka rangi vizuri, na rangi ilikuwa yetu, damu ya mzee na njano. Alikuwa amefikiria sana, nilikuja kujua. Hakutaka kugusa msiba wao. Alitaka kutuleta sisi tumekufa, watucheke sisi, watuzike sisi, wapumue. Alisimama mbele ya upande waliokaa wazazi wa kilimani na kwa Kiingereza chake kidogo akawaambia leo sisi ni maiti, tumekuja wenyewe, tafadhali tuzikeni. Kisha akajitupa chini kando ya jeneza na kuanza kulia kwa sauti, kilio cha utani, akilaumu magoti ya Kontena na mikono ya Nyavu Kavu.

Wao waliona jeneza tu.

Mwanamke mmoja aliyekaa mstari wa mbele, mwenye picha ya msichana imebandikwa kwenye koti, aliinama kama aliyepigwa tumboni. Wanaume wawili wakasimama. Mmoja alianza kumwendea Msemaji na mwenzake akamshika. Watoto waliobeba jeneza walikuwa wameshakimbia. Msemaji aliinua uso kutoka kwenye nyasi, bado mdomo uko katika umbo la kilio, na nikaona anawatafuta watu wa kucheka, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na anajua ziko.

Hapo Nassoro akaanza kutembea kuelekea kwenye uzio.

Wanafunzi wote wa kwetu walijua habari ya baba na mwana. Hata waliochukizwa walitulia. Msemaji alimwona anakuja. Alisimama haraka, akapangusa mikono kwenye kanzu, akavua kofia, akaivaa tena. Alisogea hadi kwenye waya. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Nilijua amesahau jeneza, amesahau wale wazazi, amesahau kila kitu isipokuwa kwamba mtoto anakuja na mtoto ndiye aliyeanza.

Nassoro alifungua lango dogo, akatoka, akampita. Alimpita karibu sana, angeweza kumgusa. Akalikunja lile jeneza kwa mguu, ubavu huu na ubavu ule, likawa maboksi, akalibeba kwapani, akalitia kwenye pipa la takataka. Kisha akaenda kwa yule mwanamke mwenye picha, akapiga goti moja, akasema naye. Sikusikia alichosema. Yule mama alimwekea mkono kichwani. Aliporudi, alipita tena mahali pale pale. Msemaji alikuwa hajaondoka kwenye waya.

Tulicheza, tukashinda. Hakuna aliyeshangilia.

Naibu mkuu wa shule alikuwa mwanamke mwema. Alimwita Msemaji ofisini, na kwa kuwa mkalimani hakupatikana aliniita mimi. Alimwambia haruhusiwi kufika kwenye mechi za shule wala uwanjani mpaka msimu uishe. Nilijaribu kumweleza utani. Nilisema kwao ukimpenda mtu unamfanyia hivi akifiwa. Aliniuliza kama ilikuwa mzaha, basi. Nikasema ndiyo, halafu nikasema hapana. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake haikubadilisha kitu. Msemaji alikuwa ameweka mikono magotini. Mwishoni aliniomba nimwambie mama yule mwalimu kitu kimoja, kwamba adhabu anaistahili, ila mwanawe anamaliza shule mwaka huu. Nikamtafsiria. Naibu mkuu alikuwa hajui kwamba kapteni ni mwana wa Msemaji. Kisha akasema hiyo ni sababu zaidi ya kumkataza, kwa faida ya kijana pia.

Nje nilimwambia pole. Aliniuliza kama kweli nimewahi kusikia watu wanaowaacha wafiwa walie peke yao, wote wamekaa kwenye viti, kimya. Nikasema huku ndivyo wanavyofanya, ndiyo heshima yao. Akasema sasa anajua. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu aliyeonyeshwa barabara baada ya kukosa treni.

Fainali ilichezwa kwetu pia. Ukisimama mwisho wa jukwaa la stesheni unaona nusu ya uwanja wetu juu ya ukuta, nusu ya kushoto. Stesheni si ya shule. Alikuwa pale, amevaa koti la kiwandani, mikono mfukoni, na hakufungua mdomo. Pale uzioni watoto walikuwa wengi kuliko siku zote. Mmoja wao aliuliza, "Nani anaogopa?" na wachache wakajibu, kila mtu kwa wakati wake, ikaishia hapo. Goli letu Nassoro alilifunga upande ule ule unaoonekana kutoka stesheni. Mpira ulipomfika mguuni, treni ndefu ya mizigo ilikuwa inapita kati yake na sisi, behewa baada ya behewa, na ilipoisha kupita sisi tulikuwa tumeshamlalia Nassoro juu kwenye tope, yeye haonekani. Msemaji alikuwa anaona lundo la watu.

Nassoro alipokea kombe, wakampiga picha. Baada ya mitihani alikwenda Perth, upande wa pili wa nchi, ambako rafiki wa mama yake alimpatia kazi na chumba. Msemaji niliacha kumwona. Mjomba akaniambia bado yuko kwenye tanuri, bado ni Bubu.

Mara ya mwisho nilikutana naye mahali ninapofanya kazi sasa, tunakoosha magari, barabara kubwa ya Granville. Ilikuwa mchana, foleni imejaa. Gari dogo jeupe lilifika kwangu, nikaanza kulimwagia maji, dirisha likashuka kidogo na harufu ya mkate ikatoka kabla ya mtu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akatabasamu. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za kazi, za mjomba, kama bado nacheza. Nilimjibu huku nafuta kioo. Nilikuwa naogopa aniulize kama Nassoro huwa anamtaja, kwa sababu hamtaji, na nisingeweza kumdanganya mtu yule. Hakuniuliza.

Aliuliza, "Mnaongea naye?"

Nikasema ndiyo, tunatumiana.

"Sauti yake sasa ikoje?"

Sikumwelewa. Nikasema ni mzima, amepata timu.

"Sikuulizi hali. Nauliza sauti. Nilimwacha ana sauti ya mtoto. Uwanjani nilimsikia akiita mpira, na kelele za uwanjani za watu wote zinafanana. Akikaa ndani na watu, anaongea tu, anaomba chumvi. Ikoje?"

Nikajaribu. Nikasema ni nzito kiasi, si nzito sana. Nikasema anaongea taratibu. Nikaona nasema upuuzi. Nikapangusa mikono, nikatoa simu, nikatafuta ujumbe wa sauti aliokuwa amenitumia wiki ile, nikaunyoosha mkono ndani ya dirisha.

Ulikuwa wa Kiingereza, wa mambo madogo. Nassoro alikuwa anasema huko kuna upepo, na kwamba mwenye nyumba ana paka anayelala ndani ya begi lake la mpira, na Jumapili alibaki yeye na goli tupu akateleza akakaa chini, na watu wakamcheka, na hapo mwenyewe akacheka, kicheko kirefu kinachokatika katikati kwa pumzi, halafu akasema, "Baadaye," ujumbe ukaisha.

Msemaji alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na kuangalia mbele kama anaendesha. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo. Nikamwuliza kama anataka nimtumie, awe nao.

Alifikiri.

"Hapana," akasema. "Hakunitumia mimi."

Gari la nyuma likapiga honi. Msimamizi wangu akaninyooshea mkono nipitishe watu. Msemaji aliwasha injini, akakaa kidogo, akaizima. Akaniomba nimwekee tena, pale anapocheka tu. Honi ikapigwa tena, ndefu, na nikarudisha ujumbe nyuma, nikamwekea.